Mwalimu Aachwe Awe Mtu

Warumi walijua kumgeuza mtu mungu. Kaisari akifa, Seneti ilipitisha azimio, na marehemu akaitwa divus. Zikatolewa sarafu: upande mmoja kichwa chake, upande wa pili pengine tai na neno CONSECRATIO. Lakini tujiulize nani alizitoa. Ni mrithi. Octavian, mtoto wa kupanga wa Julius Caesar, alijiita kwenye sarafu Divi Filius, mwana wa mungu. Marehemu alipewa mbingu. Aliye hai alichukua kiti.

Sina ugomvi na picha ya Mwalimu Nyerere kwenye noti ya elfu moja. Alikuwa pia kwenye sarafu zetu za 1966, akiwa hai. Wala sina ugomvi na Kanisa Katoliki, ambalo mwaka 2005 lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Kanisa angalau huita mashahidi. Ugomvi wangu ni na sisi tuliomtangaza bila kumuuliza mtu yeyote.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu Operesheni Vijiji hapa Singida. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na kazi ikatakiwa iishe kufikia 1976. Wazee ninaowahoji Iramba na Ikungi hushusha sauti wakifika kwenye nyumba walizoziacha. Kisha huharakisha kuongeza kwamba Mwalimu hakujua, walioharibu ni watendaji. Hivyo ndivyo mungu anavyotengenezwa: mvua ni yake, ukame ni wa wengine.

Mwenyewe hakuomba upendeleo huo. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini iliyotaja mafanikio na kasoro pia. Mtu wa namna hiyo unaweza kubishana naye, na unaweza kumfuata. Mungu unamwimbia tu.

Ndiyo maana wanasiasa wanampenda akiwa juu. Kila Oktoba 14 wanajiita wanawe. Lakini miiko ya uongozi aliyoiweka Arusha ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na sioni mwana anayekimbilia kuirudisha. Divi Filius hahitaji kuishi kama baba yake, jina linamtosha.

Noti ibaki. Ila wazee waliohamishwa wanaondoka mmoja mmoja. Kijana mwenzangu, nenda kamuulize wako kabla hajazikwa na ushahidi wake. Akishusha sauti, msogelee.