Kiswahili na Mtoto wa Kyela

Wako walimu wasemao ya kuwa mtoto mdogo hatakijua Kiswahili mpaka Kinyakyusa kiondolewe kinywani mwake, hata kwa fimbo. Sisi twakataa kabisa. Huyu asemaye umwana, je, mwana ni neno geni kwake? Asemaye inyumba, nyumba itampotea? Naye amwamkiaye mzee kwa mugonile, neno la wingi kwa mtu mmoja, amekwisha kuijua adabu ya shikamoo kabla hajaisikia. Fimbo humfundisha kunyamaza tu. Wamisionari Wamoravian waliofika Rungwe, milimani juu yetu, mwaka 1891 walijifunza kwanza Kinyakyusa, ndipo wakafundisha; mwalimu mzaliwa wa hapa ana udhuru gani? Na aiweke fimbo chini, amwulize mtoto: kwenu kitu hiki huitwaje?