Cheti Hakifundishi Watoto

Kongwa tulijionea. Mwaka 1947 Waingereza walileta wataalamu wenye vyeti walime karanga. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka kama saruji, matrekta yakashindwa. Mwaka 1951 mpango ukafa.

Hasara ile isihamie madarasani. Dodoma ina Chuo Kikuu tangu 2007. Je, mwalimu anayesoma humo apimwe kwa karatasi tu? Hata kidogo! Azimio la Musoma la 1974 lilikataa karatasi iwe kipimo pekee. Basi katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi asichungulie darasa mara moja, akaandika alama, akapanda gari. Akae, arudi, awaulize watoto wameelewa nini. Asiyeweza kufundisha Chamwino asipewe cheti Dodoma.

Uhuru na Kazi!