Mama Huyu Ana Cheti cha Kompyuta, Lakini Meseji Anasomewa na Mimi

Jumatatu ya wiki iliyopita mama mmoja wa bloku yetu alinipitia asubuhi, kabla sijanywa hata chai. Alikuwa na simu mkononi amefunga kitambaa kama mtu anayebeba yai. "Mwanangu, hebu nisomee hii, imeingia usiku, sijalala." Nikasoma. Ilikuwa kampuni ya simu inamwambia anunue bando. Basi. Mama alikesha usiku mzima akidhani ni habari ya mgao au ya faili yake.

Huyu mama ana cheti. Kiko ukutani kwake, ndani ya fremu, pembeni ya picha ya ubatizo wa mtoto. Kimeandikwa kwamba amehitimu mafunzo ya msingi ya kompyuta, kina mihuri miwili na sahihi tatu. Nilimuuliza, mama, si ulisoma siku tano nzima? Akacheka. "Ile panya yao niliishika mara moja tu. Tulikuwa wanne kwa mashine moja, na kijana mmoja hakutaka kuiachia."

Ndugu zangu vijana, na ninyi wafanyakazi wa mashirika ambao najua mnatusoma hapa, leo sitaongea kwa upole. Haya mafunzo ya kompyuta ya watu wazima hapa Kakuma, jinsi mengi yanavyofanyika, ni maigizo. Na sisi vijana ni waigizaji ndani yake, hata mimi.

Niwaambie yanavyokwenda, kwa sababu nimekaa ndani mara tatu kama mkalimani wa kujitolea. Siku ya kwanza ni hotuba. Siku ya pili mwezeshaji anawasha projekta na kuanza historia ya kompyuta. Nilitafsiri Charles Babbage kwa Kiswahili mbele ya wamama waliotoka kwenye foleni ya maji! Charles Babbage atamsaidia nini mtu anayetaka kujua kama hela yake imeingia? Siku ya tatu ni sehemu za kompyuta: hii ni skrini, hii ni kibodi, semeni wote, kibodi. Siku ya nne umeme unapotea. Siku ya tano ni picha, soda na cheti. Jumatatu chumba kinafungwa na ufunguo unaondoka na mtu.

Huo ufunguo nitaurudia.

Sasa mtu atasema, wewe kijana unalalamika, kwani kutojua kompyuta kunaua nani? Sikilizeni. Hii kambi ilianza 1992, na mwaka 2016 ikaongezwa Kalobeyei. Wazazi wetu walizoea karatasi: kadi unaishika mkononi, jina lako unaliona ukutani. Halafu mwaka 2015 chakula kikaanza kuingia kwenye simu, Bamba Chakula. Ni kitu kizuri, mi sikatai, mtu anachagua mwenyewe anunue unga au maharage. Lakini ndani ya simu kuna namba ya siri, na mtu asiyeweza kuitumia mwenyewe anampa mwenye duka. Kuna laini za simu zinalala dukani mwezi mzima kama dhamana ya deni, na mwenyewe hajui salio lake. Anaambiwa tu, "mama, umemaliza." Ataangalia wapi kama amemaliza kweli?

Na sasa hivi ndiyo kila kitu kinakimbilia huko. Kitambulisho, kibali cha biashara, nafasi ya chuo ya mtoto, mtoto aliyeko Australia anayetuma fomu kwa imeili. Mwaka jana, 2025, serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, na tunaambiwa tujiandae kuishi kama wakazi, tufanye biashara, tujitegemee. Sawa. Mtu atajitegemea vipi kama kufungua barua yake mwenyewe anamtegemea mtoto wa jirani?

Hapo ndipo nafika kwangu mwenyewe, na siandiki kwa raha.

Mi nimewahi kuchukua shilingi hamsini kusoma meseji. Mia moja kufungua imeili. Nilijiona mjanja, nina kidato cha nne, nina simu nzuri. Watu karibu ishirini niliwafungulia imeili, na wote niliwawekea nenosiri moja ili nisisahau. Namba ya simu ya kurudisha akaunti niliweka yangu. Mwaka uliofuata simu ikaibwa, na laini niliirudisha baada ya muda mrefu sana. Katika siku hizo kuna mzee mmoja, baba wa watoto sita, alikuwa anasubiri barua kutoka kwa kaka yake. Barua ilifika. Ilikaa kule ndani ikimtaka ajibu kwa tarehe fulani, na tarehe ikapita. Yeye hakujua, mimi sikujua. Aliponijia hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, kijana, Mungu anajua." Mpaka leo nikimwona njiani napita upande mwingine.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba vijana tunatosha "kuwasaidia wazee". Tumekuwa mlango, na mlango ukiibiwa nyumba nzima inabaki nje.

Kuna neno lingine linaniudhi: ati wazee hawafundishiki, vichwa vimekuwa vigumu. Hawa? Hawa waliotoka Fizi na Uvira wakiongea Kibembe na Kifuliru, wakajifunza Kiswahili cha Kenya hapa, wakajua Kituruki kidogo cha kununulia kuni? (Nasema Kituruki cha Waturkana, msicheke, ndivyo tunavyokiita bloku yetu.) Bibi mmoja jirani hajui kusoma hata jina lake, lakini anatuma sauti kwa WhatsApp kila Jumapili kwa binti yake aliye mbali. Hakuna semina iliyomfundisha. Alitaka kumsikia mtoto wake, akajua kitufe kiko wapi.

Ndiyo siri yote. Mtu mzima hajifunzi kompyuta, anajifunza kufanya kitu anachokitaka, na kompyuta iko katikati.

Tulijaribu wenyewe mwaka huu, vijana watatu, kwenye ukumbi wa kanisa. Pasta alitupa Jumamosi mchana. Mwenye saiba ya hapo barabarani alituazima laptopu mbili kuukuu kwa sharti kwamba tumfagilie duka na tumsaidie siku za mtihani watu wakiwa wengi. Chama cha wamama, wale wanaoweka akiba kila wiki, kikaleta watu kumi na mmoja, watatu kati yao Waturkana wa hapa mjini. Hatukuwauliza "unajua nini kuhusu kompyuta". Tuliwauliza, "ungekuwa unajua, ungefanya nini kesho?" Mmoja alitaka kuandika madeni ya nyanya zake. Mwingine alitaka kumwandikia mtoto barua bila mimi kusoma mambo yake ya ndani. Hilo lilinichoma.

Mkono ulikuwa shida. Panya inakimbia, mshale unapotea. Tukawawekea mchezo wa karata, ule wa kukokota karata moja juu ya nyingine, maana hakuna zoezi linalofundisha vidole haraka kama hilo. Wiki ya pili pasta akaingia ghafla, akakuta wamama wa kwaya wanacheza karata ndani ya nyumba ya Mungu, na wanabishana kwa sauti. Tulichukua nusu saa kumweleza. Sasa na yeye anacheza.

Siwadanganyi kwamba yote yalienda vizuri. Wawili waliacha kwa sababu bomba lao linafungulia maji saa ileile. Mmoja mumewe alikataa. Laptopu moja betri imekufa, na vumbi la huku mnalijua. Lakini mama wa nyanya sasa ana orodha yake, anaijaza mwenyewe kwa kidole kimoja, na watu wa bloku wameanza kumwogopa kwa sababu madeni hayapotei tena. Na wamama saba wamebadilisha namba zao za siri wenyewe, mi nikiwa nimegeuka nikitazama ukuta.

Mnaona? Hiyo ndiyo ninaita ushirikiano. Kanisa lina ukumbi, saiba ina umeme, chama kina watu wanaoaminiana, sisi tuna muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Kila mmoja ametoa kitu na kila mmoja anaweza kudaiwa. Lakini mashirika yakisema ushirikiano yanamaanisha nembo tatu kwenye bango moja. Bango likishuka, umemdai nani?

Sasa ule ufunguo. Karibu na kwetu kuna chumba chenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa. Mradi uliisha, mashine zikabaki. Tumeuliza mara nne. Mara ya kwanza ufunguo ulikuwa kwa afisa aliye likizo. Mara ya pili afisa alikuwa amehamishwa. Mara ya tatu tuliambiwa tuandike barua, tukaandika. Mara ya nne tuliambiwa barua iandikwe na kikundi chenye usajili. Mashine zinapikwa na joto mle ndani kwa usalama wake!

Ninyi mnaoandika miradi, msituletee semina nyingine ya siku tano. Leteni fundi wa kurekebisha mashine zilizopo, lipieni mama mmoja wa kuangalia watoto wadogo wakati wengine wanasoma, na saa ziwe za watu wazima, siyo saa mbili asubuhi siku ya mgao. Lugha iwe Kiswahili, na ndugu wa Sudan Kusini wapate mtu wa Kiarabu chao. Halafu kwenye ripoti msihesabu vyeti. Rudini baada ya miezi mitatu, mpe mama simu yake, kaa kimya, uone kama atasoma salio bila kumwita mtu.

Na sisi vijana tuache kuuza hamsini. Najua ni hela ya sabuni, mi pia naihitaji. Mtu akija usomewe meseji, mkalishe chini, mwonyeshe kidole kinaanzia wapi. Wale ishirini wangu nimeanza kuwapitia mmoja mmoja tubadilishe namba ya kurudisha akaunti. Nimefika kumi na wanne. Yule mzee wa watoto sita bado sijaenda kwake.

Jumamosi hii tunaanza saa tisa, kanisani. Mwenye betri ya laptopu, hata nusu mbovu, aje nayo.