Msaidizi wa Mtandaoni Naye Anahitaji Bima

Miongoni mwa vijana wa Kenya waliojiajiri mtandaoni, hasa wanaofanya kazi za usaidizi kwa wafanyabiashara walio Marekani, Uingereza na Australia, kuna imani iliyokita mizizi kwamba bima ni ya mwenye duka, mwenye ghala au mwenye matatu. Msaidizi wa mtandaoni, husemwa, ana laptopu, intaneti na bidii yake tu. Hana bidhaa za kuungua wala shehena ya kuzama baharini, basi alipie bima ya nini? Imani hii ni potofu, na inawaweka watu wenye bidii ukingoni mwa hasara wasiyoiona. Kosa lake ni kuchanganya bima za aina mbili. Ipo bima ya kulinda ulicho nacho, na ipo bima ya kukulinda wewe pale kazi yako inapomtia mtu mwingine hasara. Hii ya pili ndiyo bima ya dhima ya kitaaluma, ambayo mawakili wa Kenya hawaruhusiwi kuhudumu bila kuwa nayo. Haijali sana unamiliki nini, bali inatazama umekabidhiwa mali na siri za nani.

Na msaidizi wa mtandaoni amekabidhiwa mengi. Hufungua barua pepe za mteja kabla mwenyewe hajaamka, hutuma ankara, hupanga malipo ya wauzaji, na hutunza orodha za wanunuzi zenye majina, namba za simu na anwani za nyumbani. Ana nywila za duka la mtandaoni, za kurasa za matangazo, na mara nyingine za akaunti ya benki. Sasa inaingia barua inayosema kwamba muuzaji fulani amehamia benki nyingine. Anwani ya mtumaji ni ileile ya kila siku, isipokuwa herufi moja. Msaidizi anabadilisha namba ya akaunti kwenye jedwali, malipo ya mwisho wa mwezi yanatoka, na wiki mbili baadaye muuzaji halisi anauliza pesa zake ziko wapi. Huu si utapeli wa nadra. Mwaka 2023 pekee, FBI ya Marekani ilipokea malalamiko zaidi ya 21,000 ya ulaghai wa barua pepe za kibiashara, na hasara iliyoripotiwa ilifikia dola bilioni 2.9. Walaghai hawa humlenga hasa yule anayeshughulikia ankara, na katika biashara nyingi ndogo mtu huyo siku hizi ni msaidizi aliye bara jingine.

Anayedhani makosa ya kwenye kompyuta ni madogo na azingatie yaliyoikuta Citibank Agosti 2020. Benki hiyo ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Maagizo ya malipo yalijazwa na wafanyakazi wa Wipro, kampuni ya nje iliyopewa kazi hiyo huko India. Programu ilitaka visanduku vitatu vijazwe ili pesa za mkopo wenyewe zisitoke, nao wakajaza kimoja. Mwenzao alikagua akaona sawa, na ofisa wa benki aliyekuwa Marekani akaidhinisha. Zilitoka karibu dola milioni 900. Baadhi ya wakopeshaji walirudisha, lakini karibu dola milioni 500 zilibaki mikononi mwa waliokataa, na Februari 2021 jaji wa New York akaamua kwamba wana haki ya kukaa nazo. Citibank iliokolewa na mahakama ya rufaa Septemba 2022, baada ya miaka miwili ya mawakili. Benki kubwa ina mtaji wa kungoja miaka miwili. Kijana anayefanya kazi ya aina hiyohiyo akiwa Rongai au Eldoret, kwa kiwango kidogo zaidi, hana hata wa kungoja miezi miwili.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba mteja yuko mbali, na hakuna Mwingereza atakayepanda ndege kuja kumshtaki mtu Nairobi. Hahitaji kupanda ndege. Kenya ina sheria ya kutambua hukumu za mahakama za nchi nyingine, na Uingereza na Australia zimo katika orodha yake, kwa hiyo hukumu iliyotolewa kule inaweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya na kutekelezwa hapa. Marekani haimo katika orodha, lakini Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikwisha kueleza mwaka 2016 kwamba hata hukumu ya nchi isiyo na makubaliano hayo inaweza kudaiwa hapa kwa kufungua kesi. Tena sheria ya kwetu yenyewe inamfikia msaidizi moja kwa moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu kila anayeishi Kenya na kuchakata taarifa za watu akiwa hapa, hata kwa niaba ya mwingine. Inampa aliyeumia haki ya kudai fidia kutoka kwa mchakataji aliyekiuka wajibu wake. Wengi hujifariji kwamba wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi kwa kawaida hawalazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data. Kusamehewa kujisajili si kusamehewa wajibu.

Hoja ya pili inasikika kama busara, kwamba asiye na mali hana cha kuchukuliwa. Inaweza kuwa kweli leo, lakini hukumu ya deni nchini Kenya inaweza kudaiwa hadi miaka 12. Kijana wa miaka 24 aliye na godoro na laptopu atakuwa na miaka 36 muda huo ukiisha. Katikati hapo ndipo mtu hununua kiwanja, huanza kujenga na huweka akiba ya karo kwenye sacco. Deni la ujana litamkuta akiwa na kitu cha kupoteza. Na aliyesajili jina la biashara tu asijidanganye, kwa kuwa kisheria jina hilo na yeye ni mtu mmoja. Hata aliyeunda kampuni anaweza kudaiwa binafsi kwa uzembe alioufanya kwa mikono yake.

Hoja ya tatu ni kwamba mteja ana bima yake. Vizuri, lakini bima hiyo ni ya mteja. Kampuni ya bima ikishamlipa mteja, kwa kanuni ya kale ya sheria za bima, hurithi haki yake ya kumdai aliyesababisha hasara. Mwajiriwa kwa kawaida husitirika nyuma ya mwajiri wake, ila aliyejiajiri hana kivuli hicho. Yeye ni mtu wa nje, na mara nyingi ametia sahihi mkataba wenye kifungu kinachosema atamfidia mteja kwa hasara yoyote, kifungu ambacho hakukisoma mpaka mwisho kwa sababu alikuwa anaihitaji kazi.

Imebaki hoja nzito kuliko zote, kwamba kampuni za bima hazilipi. Hasira hii ina msingi. Wakenya hawajasahau kampuni za bima za United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zilipowekwa chini ya meneja wa kisheria na kuwaacha waliokuwa wakidai fidia wakihangaika. Lakini jibu la mlipaji mbaya ni kuchagua vizuri na kusoma hati, si kubaki wazi. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Je, bima inafika nchi ya mteja wako? Nyingi huziacha nje Marekani na Kanada mpaka uombe na kuongeza ada. Je, inalipa gharama za wakili, au fidia tu? Na je, inahesabu siku ya kosa au siku ya madai? Bima za dhima ya kitaaluma kwa kawaida huhesabu siku ya madai. Madai ya mkataba yanaweza kuletwa ndani ya miaka sita, kwa hiyo anayeacha kulipa mwaka huu anaiacha wazi kazi yake ya miaka iliyopita. Ujue pia kwamba hakuna bima itakayokulipia udanganyifu wako, wala ahadi ya matokeo uliyoitoa kwa mdomo mpana.

Wajibu si wa vijana peke yao. Kampuni za bima za Kenya zinalalamika kwamba ada zote za bima nchini hazifiki hata asilimia 3 ya pato la taifa, ilhali fomu zao za dhima ya kitaaluma bado zinauliza maswali ya msanifu majengo na mhasibu. Ziandike fomu ya anayefanya kazi mtandaoni, kwa lugha anayoielewa, na ziuze bima ya kikundi kupitia sacco na vyama vya wafanyakazi hawa ili ada ishuke. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, unaowafundisha vijana kutafuta kazi mtandaoni, uwafundishe pia dhima inayokuja na kazi hiyo. Na msaidizi mwenyewe aanze na mkataba: ataje kikomo cha fidia, kwa mfano kisichozidi malipo ya miezi kadhaa, na aandike kwamba mabadiliko ya akaunti ya benki huthibitishwa kwa simu na mteja mwenyewe. Baada ya hapo achukue bima, na gharama yake aiweke ndani ya bei anayomtoza mteja, pamoja na intaneti na umeme. Mteja makini hatalalamika kwa bei hiyo, maana naye anajua kwamba ahadi ya fidia ya mtu asiye na bima ni maneno matupu.