Tuwape Watoto Kazi, Kiarabu Kitakuja



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, mtoto aliyelelewa kwa Kinyamwanga au Kinyiha akiletwa sokoni Tunduma, baada ya muda mfupi anauza nyanya kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Nakonde nao hupatana bei kwa Kibemba. Huko sokoni hakuna aliyewafundisha nahau. Wana kazi ya kufanya, na kazi inawadai lugha.

Sasa tuitazame madrasa. Mwanafunzi anajua irabu za ule mfano wa Zaid kumpiga Amri, lakini akiulizwa kwa Kiarabu amekula nini leo, anainamisha kichwa. Tuseme kweli: kosa si lake, ni letu walimu.

Mtume (s.a.w.) alipohitaji mtu wa kumwaminia barua za Mayahudi, alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi yao. Amepokea Tirmidhi kwamba nusu mwezi haikupita ila alikwisha yamudu. Zaid alikuwa na barua za kusoma na kujibu. Katika zama zetu, N. S. Prabhu alifundisha Kiingereza kwa njia hiyo kusini mwa India, kuanzia 1979 hadi 1984. Wanafunzi walipewa ramani na ratiba za treni, wakatakiwa kutafuta majibu.

Maoni yetu ni haya: katika kila vipindi vitatu vya Kiarabu, kimoja kiwe cha kazi. Mmoja aeleze njia ya kutoka msikitini hadi stesheni ya TAZARA, mwenzake achore ramani kwa kumsikiliza. Wengine wafungue duka darasani, mwenye shilingi na mwenye kwacha wapatane. Kazi ikiisha, ndipo mwalimu asahihishe makosa na kueleza kanuni.

Wapo watakaosema tunadharau nahau na hifdhi. La hasha! Allah anatuambia katika Surat Yusuf, aya ya 2, kwamba Qur'ani imeteremshwa kwa Kiarabu ili tupate kufahamu. Mtoto aliyenunua mkate darasani kwa jina la khubz atalitambua neno hilo atakapofika aya ya 36 ya sura hiyo hiyo. Hifdhi yake itakuwa na maana moyoni.

Nanyi wazazi, usiku wa leo msiishie kumuuliza mtoto amehifadhi nini. Mwambieni aombe maji kwa Kiarabu, kisha mpeni.

Wabillahi tawfiq.