Sehemu ya Binti katika Kitoweo

Mwezi huu nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidharau kwa kuwa hufanyika jikoni, nalo ni mgawanyo wa kitoweo baina ya watu wa nyumba moja.

Asubuhi moja madrasani kwetu Kirumba msichana wa miaka 17 alianguka akisoma. Tulimwita mama yake, naye akasema kwamba binti hula kila siku wala hanyimwi. Nikamwuliza, hula nini? Ugali wa muhogo na mchuzi. Na samaki? Wa baba na kaka zake. Sisemi kuwa hilo ndilo lililomwangusha, maana la ugonjwa ni la daktari. Wala sikumlaumu mama huyo, kwani nyumbani kwangu mwenyewe desturi ilikuwa hiyo hiyo.

Chakula kijengacho mwili huitwa protini, na katika kila gramu 100 za protini mna gramu 16 hivi za nitrojeni. Kwa hiyo wataalamu huipima nitrojeni iingiayo kwa chakula, wakatoa ile itokayo kwa mkojo, choo na jasho. Zikiwa sawa, mwili wa mtu mzima umo katika mizani. Lakini kwa binti anayekua, au mwenye mimba, yapasa iingiayo izidi, kwa sababu nyama mpya inajengwa. Ikipungua, mwili huanza kujila wenyewe, misuli yake. Na asiyepata wanga na mafuta ya kutosha huiteketeza hata hiyo protini kidogo aliyo nayo, mfano wa mtu aliyekosa kuni akachoma boriti za nyumba yake.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, walitoa taarifa iliyoweka kiasi cha salama kwa mtu mzima kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tazameni vyema: kipimo ni kimoja kwa mwanamume na mwanamke. Mke wa kilo 50 ahitaji gramu 42 hivi. Mumewe wa kilo 65, gramu 54. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba mke huongezewa gramu 31, akawa amempita mume mbali. Na anyonyeshapo, miezi sita ya kwanza, gramu 19 hivi. Basi ni hesabu gani iliyotupa sisi samaki na kumpa yeye mchuzi?

Unga wa muhogo gramu 400 hautoi zaidi ya gramu 8 za protini. Mahindi ni bora, ila yana upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Ndipo sahani ya makande ikawa chakula cha maana kuliko tunavyoidhania.

Nasi wa Kirumba tuna udhuru gani, na Mwaloni u mlangoni petu? Sangara amekuwa ghali, na tangu viwanda vya miaka ya 1990 minofu yake husafirishwa Ulaya, sisi tukabakia na mapanki. Lakini dagaa wapo. Dagaa wakavu gramu 50 zatoa gramu 25 za protini au zaidi. Wale walioanikwa mchangani hununuliwa wakawa chakula cha kuku. Kuku wapate, binti akose!

Wako pia wazee wakatazao mayai kwa wajawazito. Sikuona asili ya katazo hilo katika dini wala katika tiba.

Kwangu, mama wa nyumba sasa hugawa kitoweo jikoni, kila mtu na sehemu yake, kabla sinia halijatoka. Mwanangu wa kiume alinung'unika siku tatu nne, kisha akazoea.