Nitarudi Sasa Hivi



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya gharama za harusi zetu. Ahadi hiyo naiweka kando kidogo, kwa sababu Ijumaa niliunguza vitunguu vya biriani, na vitunguu hivyo vimenikumbusha jambo ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikilikwepa.

Kila aliyewahi kupika biriani ya watu wengi anavijua vitunguu hivyo. Utavikata huku ukitoka machozi, uviache vikauke maji, uvitie ndani ya mafuta yaliyokwisha kushika moto, kisha kwa muda mrefu usione kitu. Vinaogelea tu, vyeupe, vimelegea. Hapo ndipo mtu anapodanganyika akaona ana nafasi. Mara vinashika rangi ya asali, na kutoka rangi ya asali hadi weusi wa makaa hapana safari. Ni kiasi cha kusikiliza sauti moja iliyotumwa kwenye simu. Mimi nilisikiliza tatu. Ya tatu ilikuwa ya wifi yangu, akieleza kwa kituo bei za madira na ubaya wa rangi zilizoletwa mwaka huu. Harufu ndiyo iliyoniita. Wageni waliotoka msikitini wakitaraji sahani saa saba na nusu walikula saa tisa. Hawakusema neno. Watu wetu hawasemi. Hukaa wakaitazama saa ya ukutani kwa adabu.

Hasara yake ni vitunguu, mafuta na aibu kidogo, na kwa hasara za namna hiyo kila nyumba ina hazina ya hadithi. Dada yangu mkubwa aliutengeneza udi usiku wa kuamkia Idi, akaitandaza kanzu mpya ya mumewe juu ya chetezo, akasema, "Nitarudi sasa hivi," akaenda kumfunga mtoto nywele. Kaa moja lilirukia nguo. Shemeji yangu alikwenda kuswali Idi na tundu la ukubwa wa shilingi karibu na pindo, akinukia vizuri kuliko safu nzima.

Na sisi wa Mombasa tunaoishi maghorofani tuna msiba wetu wa mfereji. Maji hayapo tangu asubuhi. Mtu huufungua mfereji, huona mkavu, huenda zake na kuusahau wazi. Maji yakarudi saa nane za usiku, au yakarudi nyumba nzima ikiwa imekwenda kwenye maulidi. Jirani wa chini ndiye anayekuja kukupa habari, na tandiko lake mkononi likichuruzika. Nimewahi kuwa mwenye mfereji, nimewahi kuwa mwenye tandiko. Mwenye tandiko hulala vizuri zaidi.

Lakini nataka tulitazame neno lenyewe, hilo "nitarudi sasa hivi". Anayelisema hasemi uongo. Anakusudia kurudi. Ila ukitoka jikoni kwenda kupokea simu, njiani unakuta mtoto amemwaga maziwa. Unafuta maziwa, unaona tambara limechakaa, unakwenda kutafuta jingine kabatini, na kabatini unakuta nguo zilizokuwa hazijakunjwa. Kila kazi mpya huifunika ile iliyotangulia. Sufuria haikusahauliwa kwa uvivu. Ilizikwa chini ya kazi nne nyingine, zote za halali.

Bibi zetu pia walisahau. Tofauti ni kwamba moto wao uliwahitaji. Kuni zilizo kwenye mafiga hutaka kusukumwa. Usiposukuma, moto hufifia, na ukirudi baada ya saa nzima utakuta maharage mabichi na majivu ya uvuguvugu. Moto wenyewe ulikuwa ukichoka kumngoja mwenyewe. Gesi haichoki. Uliiacha kwa kasi gani, utaikuta kwa kasi hiyo hiyo, mpaka mtungi uishe au sufuria itoboke. Tumepewa moto usiohitaji mtu, nasi tunaishi nao kwa mazoea ya moto uliomhitaji mtu.

Baya zaidi ni pale moto unapozimika na gesi isizimike. Uji au maziwa huchemka yakafurika, yakauzima mwali, na ikiwa jiko lako si la aina inayojifunga lenyewe, gesi huendelea kutoka kimya kimya. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikatokea dirishani, bali hushuka ikatambaa sakafuni na kujikusanya pembeni. Harufu yake kali si yake. Imetiwa makusudi ili tuitambue, maana yenyewe haina harufu. Ukiingia jikoni ukaisikia, usiwashe taa wala usiizime, maana cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga jiko, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu.

Na mafuta yakishika moto karaini, jambo linalotujia mikononi kwanza ni maji. Maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini na usoni. Usimwage maji, wala usilibebe karai kukimbilia nje. Zima jiko ukiweza kulifikia, funika kwa kifuniko au kwa sinia la bati, kisha liache lipoe bila kufunua. Ndiyo sababu mimi sasa hukaanga bhajia sinia likiwa karibu nami. Wanangu hunicheka.

Dini yetu haikuliona jambo hili kuwa dogo. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imetajwa nyumba moja ya Madina iliyoungua usiku na wenyewe wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari zao, aliwatanabahisha watu kwamba moto ni adui kwao, akawaamuru wauzime wanapolala. Kwingine akataja hata panya anavyoweza kuuburura utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba. Mimi huipenda habari hiyo ya panya kwa sababu ni ya mtu aliyeijua nyumba, anayejua kuwa msiba mkubwa huingia kwa kitu kidogo cha kuburuzwa sakafuni.

Sasa niseme nililokuwa nikilikwepa.

Miaka 11 iliyopita mwanangu wa tatu alikuwa hajatimiza miaka 2. Ilikuwa Ramadhani, baada ya alasiri, saa ile ambayo jikoni hapana mahali pa kuweka kisahani: viazi vya karai upande huu, tambi upande huu, uji wa pilipili manga ukichemka. Nilichemsha maji kwa birika la stima, na waya wake niliuacha ukining'inia ukingoni mwa meza. Simu ikalia. Nikasema nitarudi sasa hivi, nikatoka nayo barazani kwa sababu jikoni kulikuwa na kelele. Mwanangu aliuvuta ule waya.

Maji yalimshukia mkono wa kulia na kifua. Mavyaa wangu alikuwa wa kwanza kufika, akaja na samli, kama alivyofanyiwa yeye utotoni. Jirani akaja na dawa ya meno. Tukampaka vyote viwili. Huko hospitalini muuguzi alilazimika kuviondoa vile vitu juu ya ngozi iliyochubuka, na mtoto akalia kilio ambacho mpaka leo nikikikumbuka huacha ninalolifanya. Yule muuguzi hakutukemea. Alisema tu kwamba tungalimwagia maji, tungalimsaidia zaidi.

Nawaandikieni alivyonieleza, maana nimeulizia tena na tena kwa wanaojua na jawabu ni hilo hilo. Aliyeungua mwagilia maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia, basi tazameni saa. Mfereji ukiwa mkavu, chota kwa kopo kutoka kwenye ndoo, mwaga, chota tena. Barafu usitumie. Wakati huo huo mvue nguo, bangili na pete kabla hajavimba, isipokuwa kilichogandamana na ngozi; hicho usikivute. Sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Usipake samli, wala yai, wala unga, wala dawa ya meno, wala asali ya mtu yeyote aliyekuja na nia njema. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, usipasue malengelenge, na ikiwa ni mtoto mdogo, au jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au limeshika uso, mikono au tupu, mpeleke hospitali bila kungoja kesho.

Hayo ningaliweza kuyaandika wakati wowote. Lililonizuia ni jingine.

Tulipoulizwa ilikuwaje, nilisema nilikuwa nimekwenda kumfungulia mtu mlango. Na mavyaa akasema, huyo msichana alikuwa wapi? Tulikuwa na binti aliyetusaidia kazi, wa miaka 18 hivi, ametoka upande wa Kilifi. Alikuwa juu darini anaanua nguo, kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma. Lakini ikasemwa kwamba yeye ndiye aliyeliacha birika ukingoni, kwamba wasichana wa siku hizi akili zao ziko kwenye simu. Kwenye simu! Nami nilikuwepo, nimemshika mwanangu aliyefungwa bendeji, nikanyamaza. Baada ya Idi akapewa mshahara wake akaondoka. Alilia mlangoni akanibusu mkono.

Nimetubu kwa Mola wangu mara zisizo na hesabu. Lakini kila mmoja wetu aliyekaa darasani anajua kwamba haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe, na mimi kwa miaka 11 nilikuwa nikigonga mlango mmoja na kuupita mwingine.

Ijumaa, baada ya wageni kuondoka, nilipokuwa nikisugua sufuria iliyoshika masizi ya vitunguu, mwanangu alikuja kunisaidia. Ana miaka 12 sasa na mkono wake una kovu kutoka kiwiko hadi kifundo. Akaniambia kwa mzaha, "Mama, leo nani aliyebisha hodi?" Nikaketi pale pale juu ya kibao cha mbuzi nikamwambia kweli. Usiku nikamwambia baba yake. Alinyamaza sana, kisha akasema jambo ambalo sikulitaraji: kwamba siku ile alikuwa sebuleni amejilaza akingoja magharibi, akasikia birika linachemka na mtoto anatambaa kuelekea jikoni, na haikumpitia moyoni kwamba hilo linamhusu.

Sikulitaja hilo ili nipate wa kugawana naye lawama. Nalitaja kwa sababu katika nyumba zetu nyingi tunamuuliza mama alikuwa wapi, na tukimaliza naye tunamuuliza msichana wa kazi, kisha maulizo yamekwisha. Mikono miwili inakaanga, inafua, inamlisha mtoto, inapokea simu ya mkwe ambayo isipopokewa ni ugomvi, na kutoka sebuleni inaitwa ilete maji ya kunywa. Mume wangu tangu Jumamosi huingia jikoni saa ya alasiri na kukaa na watoto. Hajui anafanya nini humo, lakini yumo.

Mimi mwenyewe nimerudia desturi ya bibi yangu. Alikuwa hatoki jikoni chungu kikiwa motoni ila na mwiko mkononi. Akienda mlangoni, anao; akienda uani, anao; akipokea wageni, anawapa mkono wa kulia na mwiko uko kushoto. Tukimcheka tulipokuwa wadogo, husema mwiko unamjua mwenyewe. Nimeijaribu siku nne hizi. Huwezi kukaa ukasahau kitu kinachokuchuruzikia mchuzi kwenye buibui. Simu nayo nimeipa kazi ya kulia kila robo saa jiko likiwaka, na ya kukaa juu ya friji muda wote huo.

Nambari ya yule binti niliipata kwa shangazi yake. Nilimpigia juzi baada ya isha. Ana watoto watatu sasa. Nilimweleza yote kuanzia waya hadi kunyamaza kwangu, nikamwomba anisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na nikamwambia kwamba mavyaa, ambaye angali hai, amekwisha kuambiwa na mimi mwenyewe.

Akasema, "Mama, mimi nilijua. Nilikuwa darini naanua nguo, nikawaona barazani mnacheka na simu."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningemwambia nani?" akajibu. Kisha akasema amenisamehe zamani, akauliza mkono wa mtoto unaendeleaje, kama unanyooka. Nikamwambia unanyooka, na huo ndio anaoandikia. Atatutembelea na wanawe likizo ya shule ikifika, inshaallah, na biriani nitaipika mimi.

Ya harusi tutayazungumza juma lijalo.